Mwalimu Antipasi Mathayo na Likizo ya Kuamia Ndege

Mwezi wa nne mwaka jana uvumi ulitembea hapa Mwankoko kwamba Mwalimu Antipasi Mathayo amefukuzwa chuo kikuu. Aliyeuanzisha ni jirani yake, Bibi Luciana, ambaye yuko nasi hapa, na ndiye mwenyewe aliyeomba jambo hili lisifichwe, maana anasema maiti hasindikizwi kwa uongo. Bibi Luciana alimkuta Mwalimu juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi, katikati ya shamba la uwele, amevaa miwani na shati lake la Dar es Salaam, akizungusha kombeo pamoja na watoto. Alipofika kisimani aliwaambia wenzake kwamba masomo ya wakubwa yamemshinda yule, sasa amepewa kazi ya kufukuza ndege. Kufika jioni uvumi ulikuwa umekwenda Singida mjini na kurudi na nyongeza, kwamba ameanguka mtihani, tena kwamba kichwa kimeguswa kidogo. Cecilia, mke wa mwanawe mkubwa, alizikuta habari hizo kwenye foleni ya maji. Alijitwisha ndoo yake akaenda zake, kwa kuwa mke wa mwana habishani njiani habari za baba mkwe wake.

Marehemu hakufukuzwa. Alikuwa masomoni pale pale juu ya dungu, na alifika pale kwa safari ndefu.

Mwalimu Antipasi Mathayo alizaliwa hapa Mwankoko tarehe 14 Agosti 1928, mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Mathayo na mkewe Dina, ambao wote wametangulia. Alikua kama watoto wote wa hapa wanavyokua, akichunga ndama wa baba yake na kuamia ndege, yaani kuwafukuza shambani, uwele unapokomaa. Mama yake alipokuwa hai alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alikuwa na koo kubwa kuliko mwili, na kwamba akiwa shambani aliwatukana ndege kwa Kinyaturu matusi ambayo hakuna aliyejua ameyatoa wapi. Baba yake akipita karibu alijifanya hasikii, kwa sababu uwele ulikuwa unapona.

Alianza shule ya misheni mwaka 1937. Alisoma kwa kukatizwa, maana kila mwaka masuke yakianza kujaa alitolewa darasani, na akirudi alikuta wenzake wamekwenda mbele. Padre mmoja aliyemwona akilia nyuma ya darasa alimfundisha peke yake jioni mpaka akawafikia. Mwaka 1945 alipelekwa kusomea ualimu upande wa Tabora, akamaliza mwishoni mwa mwaka 1946.

Kazi aliianzia Nduguti, Januari 1947. Huko ndiko alikomwona Marietha, binti wa Mzee Gaspari. Anasimulia Mama Marietha kwamba kijana huyo wa ualimu alikuja kwao kuomba maji ya kunywa mara nyingi hata baba yake akauliza kama huko shuleni wanakula chumvi. Walifunga ndoa kanisani tarehe 9 Oktoba 1948. Mungu aliwajalia watoto wanne, Simoni, Dina, Felista na Ezekieli, na nyumba ambayo watu hawakusikia kelele yake, isipokuwa ya Mwalimu akiimba vibaya asubuhi.

Nchi ilipopata Uhuru, Marehemu alikuwa mtu wa kwanza kuamini. Mwaka 1962 alifanywa mwalimu mkuu wa shule moja ya kijiji, huko chini ya mlima wa Sekenke. Alifika na moto. Alisema nchi imejitawala, hakuna tena mtoto wa kubaki porini. Mwezi wa tano, siku moja asubuhi, alikuta madarasa yako nusu. Akawatuma viranja wapite mashamba yote, wawateremshe watoto kutoka kwenye madungu na kuwaleta darasani. Wakaja wote. Aliwafundisha hesabu mpaka mchana, akafurahi moyoni, akiona sasa shule imejaa.

Mchana ule ule kwelea kwelea walishuka kama wingu. Ninyi wakulima mnawajua. Shamba lisilo na mtu hawalibakizi. Mashamba matatu yaliisha kabla jua halijazama, na moja lilikuwa la mama mjane mwenye watoto wadogo. Kesho yake mama huyo alikuja shuleni. Hakupiga kelele. Aliweka juu ya meza ya mwalimu mkuu masuke matupu, akamsalimu vizuri, kisha akamwambia, "Mwalimu, jana mwanangu amejifunza kuhesabu. Mwambie atuhesabie na tutakachokula."

Marehemu alikuwa akilisimulia jambo hili mwenyewe, tena mbele ya watoto wake, na sauti yake ilikuwa ikishuka kila alipofika hapo. Mwaka ule alimlisha mama yule na wanawe mpaka mavuno mengine, akisaidiwa na Mama Marietha ambaye alipunguza chungu cha nyumbani bila kuuliza. Kwa wiki zilizobaki alipanda dungu yeye mwenyewe, ubao mdogo begani, akafundisha kutoka huko juu, watoto wakijibu kutoka madungu ya pili na ya tatu. Mkaguzi alipokuja akakuta darasa tupu na mwalimu mkuu yuko shambani anapiga makelele. Marehemu alipewa onyo na kuhamishwa. Aliondoka na swali moja ambalo halikumtoka tena, kwamba kwa nini mtoto wa mkulima achague kati ya kula na kusoma.

Swali hilo ndilo lililompeleka mbali. Alijisomea kwa njia ya posta, akafanya mitihani ya kidato cha nne akiwa na watoto wanaokaribia kufanya mitihani hiyo hiyo. Mwaka 1968, akiwa na miaka arobaini, alipokelewa chuo kikuu Dar es Salaam, akarudi mwaka 1971 na shahada ya kwanza, akawekwa katika ofisi ya elimu ya wilaya kama msaidizi. Alizunguka shule zote kwa baiskeli. Mwaka 1974, tulipohamia katika vijiji vya ujamaa, aliona jambo ambalo wengi hatukuliona kwa haraka. Shule ilikuwa imetusogelea, lakini mashamba ya zamani yalibaki kule kule. Mtoto aliyekwenda kuamia ndege sasa alikuwa mbali na darasa kuliko kwanza, na hakuweza kupita hata kwa saa moja. Wazazi walitozwa faini, watoto walichapwa, na ndege hawakupungua.

Julai 1975 alichaguliwa kwenda kusoma tena, masomo ya shahada ya pili katika uongozi wa elimu, ambayo ni ya watu wanaoandaliwa kushika elimu ya wilaya nzima. Alikuwa anakaribia miaka arobaini na saba. Watani wake wa mjini walimwambia kwamba babu akibeba daftari wajukuu wabebe nini. Alicheka nao, akaenda.

Masomo hayo aliyaeleza hivi alipokuja nyumbani. Walifundishwa kugawa walimu katika shule mia na zaidi bila kupendelea, kusoma sheria, kuendesha kikao, kumkosoa mwalimu bila kumvunja, na kujua fedha ya madawati inapopotelea. Kisha kila mwanafunzi alitakiwa achague tatizo moja la wilaya yake, arudi huko, akae chini ya afisa elimu aone kazi inavyofanyika, akae na wazazi, halafu aandike kitabu juu ya tatizo hilo na njia ya kulitatua. Wenzake walichagua nyumba za walimu, wengine vitabu, wengine majengo. Marehemu aliandika ndege. Darasa zima lilicheka. Mwalimu wao hakucheka. Alimwambia aende akathibitishe.

Basi ndiyo maana Bibi Luciana alimkuta juu ya dungu. Alipoelezwa ukweli alikuja nyumbani na kibuyu cha maziwa kuomba radhi, lakini Bibi Luciana hata akiomba radhi hakosi la kusema. Alisema kama masomo ya wakubwa ni kufukuza ndege, basi yeye ni profesa wa miaka mingi na hajalipwa. Kuanzia hapo Marehemu akimpita alivua kofia.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanafunzi wangu. Ndege wa leo wamesemaje?"

Hawakuacha mchezo huo mpaka wiki hii.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana alianza kukonda na tumbo kuuma. Alitibiwa hapa mkoani, na Januari mwaka huu alipelekwa Dar es Salaam. Huko walimwambia bila kumficha kwamba ni ini, na kwamba dawa ya kulirudisha hakuna. Walimtaka abaki karibu na hospitali. Alisema kitabu chake kiko Mwankoko, akapanda treni, akarudi.

Mwezi wa pili aliingia katika kikao cha kamati ya elimu ya wilaya akishikwa mkono na Simoni. Aliomba kitu kimoja tu. Kwamba shule ya Mwankoko, kwa mwaka huu mmoja wa kujaribu, ifungwe wakati wa ndege, kuanzia tarehe 25 Aprili mpaka Ijumaa tarehe 20 Mei, na siku hizo zilipwe kwa kupunguza likizo ya mwezi wa sita. Mtoto akae shambani bila kuitwa mtoro, masomo yasimpite, na mzazi asitozwe faini. Mjumbe mmoja alisema watu wa vijijini hawawezi kuaminiwa hivyo, ukiwapa wiki nne watakurudishia watoto Krismasi. Kikao kikacheka. Simoni anasema baba yake alingoja kicheko kiishe, akainuka kwa kushika meza.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nipeni nafasi ya kuaibika mwaka huu, maana mwaka ujao sina hakika nao."

Wakampa. Lakini waliweka sharti. Siku ya kufungua, yaani Jumatatu tarehe 23 Mei, bwana afisa elimu atakuja mwenyewe asubuhi, apite darasa kwa darasa. Akiwakuta watoto wote, likizo hiyo itafikiriwa kwa wilaya nzima mwaka ujao. Akikuta madawati matupu, jambo hilo halitaletwa tena mezani.

Marehemu alirudi kulala katika chumba cha mbele, akaendelea kuandika. Uji wake alipelekewa na Cecilia. Desturi yetu inajulikana, mke wa mwana haingii ovyo chumbani kwa baba mkwe wala hamtazami usoni, na Marehemu hakutaka kuivunja. Alitafuta njia. Mlango uliachwa nusu wazi, yeye kitandani ndani, Cecilia nje kwenye kigoda akinyonyesha mtoto wake Urbano, wamepeana migongo. Hapo alimsomea kila alichoandika, akikigeuza kutoka Kiingereza kuwa Kiswahili, ili asikie kama mama wa nyumbani atakielewa. Urbano akilia, Marehemu alisema msimamizi wake ameikataa sura hiyo, akaifuta kidogo.

Siku moja alimuuliza Cecilia, aliyemaliza darasa la saba, kama na yeye aliamia ndege. Cecilia alimpakata mtoto vizuri. Halafu akasema, "Kugawanya kulinipita nikiwa juu ya dungu, baba. Hakukunirudia tena mpaka leo."

 Kisha Marehemu akamwomba ruhusa aiandike sentensi hiyo. Iko katika sura ya tatu, bila jina. Na kuanzia kesho yake, kila uji ulipoisha, alimfundisha kugawanya, sauti yake ikipita katika upenyo wa mlango, yeye Cecilia akichora tarakimu chini kwa kijiti. Wiki ya Pasaka alikuwa amejua. Alimsikia mzee akicheka peke yake huko ndani, kicheko cha mtu aliyepata kitu chake kilichopotea.

Likizo ilianza tarehe 25 Aprili kama walivyokubaliana. Ninyi nyote mliona. Watoto walipanda madungu bila kujificha, walimu wakapita mashambani jioni kuwakumbusha kusoma, na uwele wa mwaka huu mnaujua ulivyo. Wiki ya pili Marehemu aliomba atolewe nje akaone. Simoni alimkalisha kwenye kiti ukingoni mwa shamba. Mjukuu wake Raheli, binti wa Simoni na Cecilia, wa darasa la kwanza, alikuwa juu ya dungu anawafokea ndege. Marehemu alimsikiliza kwa makini, halafu akasema matusi ya siku hizi ni dhaifu.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kutoka. Baada ya hapo hakuweza tena kushika kalamu. Kitabu chake kina sura tano zilizokamilika. Ya sita haijaandikwa. Alisema haiwezi kuandikwa na mtu aliyelala, kwa sababu ni ya kueleza watoto walirudi au hawakurudi, na jibu lake liko Jumatatu.

Siku ya Jumatano wiki hii, mchana, alipewa Sakramenti ya Wagonjwa na Padre. Alkhamisi tarehe 19 Mei 1977, saa moja asubuhi, aliaga dunia hapa nyumbani, mkono wake ukiwa katika mkono wa Mama Marietha, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane na miezi tisa. Mama Marietha anasema nje ndege walikuwa wanapita kuelekea mashambani, naye alifumbua macho kama anayetaka kuamka kwenda, kisha akaacha.

Marehemu ameacha mjane, Mama Marietha. Watoto wanne, Simoni, Dina, Felista na Ezekieli. Mkwe wake Cecilia. Wajukuu watano, ambao mdogo wao ni Urbano anayemtafuta mlangoni mpaka sasa. Dada zake wawili. Na walimu na wanafunzi ambao hawahesabiki. Familia inawashukuru wote waliomuuguza, waliomletea maziwa, kuni na maji, na walioacha kazi zao leo Jumamosi kuja kumlaza. Bwana alimtoa, na Bwana ampokee, amwangazie mwanga wake, ampe kupumzika alikokukosa hapa duniani.

Wengi mmeuliza kwa nini wasifu huu hausomwi na Simoni wala na wakubwa wa ofisi, ila na Cecilia, mke wa mwana, ambaye kwa desturi yetu hapa si mahali pake. Alitaka hivyo Marehemu. Jumatano ile, Padre alipokwisha kutoka, aliwaomba watu watoke chumbani, akamwita Cecilia. Safari hii alimwambia asikae nje, aingie, akae pale anapoweza kumwona. Cecilia aliingia akapiga magoti kando ya kitanda, macho yake chini, Urbano mgongoni. Sauti ya mzee ilikuwa ndogo, akipumzika kila baada ya maneno machache, na haya ndiyo aliyosema.

"Mama Raheli, kuzikwa sikuhofii, watu watakuja. Nahofia Jumatatu. Matanga ya hapa kwetu ni siku nne baada ya maziko, na watu watakaa hapa kwa kunipenda, na watoto wao watakaa nao. Bwana afisa atakuja akute madawati matupu. Atasema si nilisema. Basi utakapokwisha kunisomea, usiketi. Waombe wazee kwa heshima waanue matanga Jumapili jioni. Wakikataa usibishane nao, ni wazee wetu. Lakini wewe, Jumatatu alfajiri, mwogeshe Raheli, umvalishe sare yake, umshike mkono, upite naye katikati ya waombolezaji wote mpaka shuleni, wakuone."